NCHI JIRANI: Mwalimu wa Jiografia na Wanariadha wa Iten

Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mwalimu kutoka Ireland, aliwasili Iten, mji mdogo ulioko ukingoni mwa Bonde la Ufa nchini Kenya, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alikwenda kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha, wala hakupata kusomea ukufunzi wa riadha.

Wakati huo Kenya ilikwisha kujipatia sifa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, Kipchoge Keino, mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika jeshi la polisi, alitwaa medali ya dhahabu ya mbio za mita 1,500. Naftali Temu, askari wa jeshi la nchi hiyo, alitwaa ya mita 10,000.

Wako wanaodai kwamba ushindi wa namna hiyo ni zawadi ya milima na hewa nyepesi. Lakini milima haipangi ratiba ya mazoezi, wala haimwambii kijana lini akaze mbio na lini apumzike. Kazi hiyo ni ya mwalimu. Bruda Colm alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenziwe, Peter Foster. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kwa kuwasikiliza.

Matunda yalionekana. Ibrahim Hussein, aliyesoma shuleni hapo, alishinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987 na za Boston mwaka 1988. Mwaka huo huo wa 1988 mwenziwe wa shule hiyo, Peter Rono, alipata dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul. Mwanafunzi mwingine wa Bruda Colm, David Rudisha, askari polisi, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Habari hii yawahusu hasa vijana walioko katika vyuo vya ualimu. Aghalabu kipindi cha mazoezi ya viungo hudharauliwa kwa kuwa hakina uzito katika mtihani. Hutolewa kwa hesabu, au watoto huachiwa mpira na mwalimu akaketi kivulini. Iten yaonyesha kwamba mwalimu si lazima awe bingwa. Yatosha awe na bidii, awajue wanafunzi wake, na aheshimu kipindi hicho kama vingine.

Wakufunzi wa majeshi wanaielewa hasara ya dharau hiyo. Kuruta hufika depo akiwa na mwili uliokwisha kujengwa au kupuuzwa kwa miaka mingi, na miezi michache ya kwata haiwezi kufidia yote. Ulinzi wa taifa huanzia uwanjani mwa shule ya msingi, mikononi mwa mwalimu.