Mwandiko wa Karani na Mashine ya Kusoma: Sensa za Tanzania Zikitazamwa kutoka Pasiansi, 2002–2022

Katika sensa ya 2002, Tanzania ilianza kutumia skana kusoma madodoso yaliyojazwa kwa mkono, badala ya kuyachapa upya kwenye kompyuta. Kwa karani wa Pasiansi, jijini Mwanza, sawa na wenzake kwingineko, mabadiliko hayo yaliipa kalamu dhamana mpya. Mashine husoma umbo, wala haijui maana: 1 yenye mkia yaweza kusomwa 7, na mtoto wa mwaka mmoja akahesabiwa miongoni mwa waliofikia umri wa darasa la kwanza. Ndiyo maana njia hiyo hudai kila tarakimu ikae katika kisanduku chake, majibu yapewe namba badala ya maneno, na alama yenye shaka irudishwe kwa jicho la mtu.

Skana zilitumika tena mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilipoleta vishikwambi, kosa la kusoma mwandiko lilitoweka, lakini dodoso la karatasi nalo likatoweka. Kidole kinaweza kugusa namba isiyo sahihi, na mhakiki hana tena karatasi ya kuirejea. Kasi iliongezeka, ushahidi wa mkono ukapotea.