Mchochota sugu na usonji

Mchochota ni jibu la mwili kwa jeraha, vijidudu au sumu. Damu hukimbilia mahali palipodhurika, pakawa pekundu, pakapata joto, pakavimba na kuuma. Kwa kawaida huwaka, ukafanya kazi yake, ukazimika baada ya siku chache. Ukikataa kuzimika, ukaendelea kwa miezi au miaka hata pasipo kidonda kinachoonekana, huitwa mchochota sugu. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Mwenye usonji huwasiliana na kuhusiana na wenzake kwa namna yake, hurudiarudia baadhi ya matendo, na mara nyingi hasumbuliwi na kikubwa bali na kidogo: sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwamba mambo haya mawili hukutana, watafiti wengi wanakubali. Ubishi uko kwenye kipi kimezaa kipi.

Neno lenyewe linahitaji maelezo, maana si la mtaani. Wengi husema "uvimbe", lakini uvimbe ni pamoja na nundu na saratani, na mchochota wa ubongo haumvimbishi mtu kichwa. Huonekana kwa vipimo tu: seli za kinga zilizochangamka kupita kiasi, na wingi wa sitokini, yaani protini ndogo ambazo seli hizo hutumiana kama salamu za hatari.

Rubela ya 1964

Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka New York. Mwaka 1964 na 1965 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa rubela, ugonjwa ambao kwa mtu mzima ni homa nyepesi na vipele vya siku tatu. Watu wapatao milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara yake kwa sababu mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito: wengine viziwi, wengine na mtoto wa jicho, wengine na kasoro za moyo. Daktari wa akili za watoto, Stella Chess, aliwafuatilia 243 kati yao. Mwaka 1971 alieleza kuwa 18 walikuwa na dalili za usonji, 10 kwa ukamilifu na 8 kwa sehemu. Wakati huo hesabu za Uingereza zilikuwa zikitaja watoto 4 au 5 katika kila 10,000.

Uzito wa matokeo hayo hauko kwenye tarakimu peke yake. Zama zile wataalamu wengi walifundisha kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, mama baridi kama jokofu. Kumbe mama wa New York walikuwa wamepata homa tu. Ni haki kusema kwamba virusi vilisaidia kuwaondolea akina mama lawama ambayo haikuwa yao.

Panya na mama zao

Je, ni kirusi chenyewe kinachodhuru, au ni jibu la mwili wa mama? Swali hili lilimshughulisha Paul Patterson wa Caltech, California. Yeye na wenzake waliwadunga panya wenye mimba kemikali inayouhadaa mwili udhani umevamiwa na virusi, ilhali hakuna kirusi chochote. Watoto waliozaliwa walijitenga na wenzao na kurudiarudia matendo. Mwaka 2007 kundi lake lilionyesha kwamba sitokini moja, interlukini-6, ilitosha kuleta sehemu kubwa ya matatizo hayo, na kwamba panya mama akizuiwa interlukini hiyo, watoto waliepuka. Kumbe kelele za askari zaweza kuharibu nyumba hata mwizi asipokuwapo.

Baadaye watafiti Gloria Choi na Jun Huh waliisogeza hadithi mbele. Mwaka 2016 waliitaja sitokini nyingine, interlukini-17a, na kuonyesha kwamba huacha mabaka yasiyopangika kwenye gamba la ubongo wa kijusi. Mwaka uliofuata walileta jambo lisilotarajiwa: madhara yalitokea pale tu panya mama alipokuwa na aina fulani ya bakteria tumboni wanaochochea seli zinazotoa interlukini hiyo. Panya wa msambazaji mmoja walikuwa na bakteria hao, wa msambazaji mwingine hawakuwa nao, na jaribio lilelile lilileta matokeo tofauti. Inafaa kukumbuka hilo kila gazeti linapotangaza kwamba "sayansi imethibitisha" jambo fulani juu ya panya.

Ndani ya ubongo

Ubongo una seli zake za kinga, maikroglia. Kazi ya seli hizo si kupigana na wavamizi tu. Utotoni hupogoa sinapsi, yaani viungio vya seli za neva, kama mkulima anayepogoa mikahawa ili matawi yaliyobaki yazae vizuri. Maikroglia ikivurugika, upogoaji nao huvurugika, na hapo ndipo mchochota na ukuaji wa ubongo hukutana.

Mwaka 2005 Carlos Pardo na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu 11 wenye usonji waliokwisha kufariki. Walikuta maikroglia zimechangamka, hasa kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, na dalili za mchochota zilionekana pia katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliokuwa hai. Baadhi ya wale 11 walikuwa watu wazima. Maana yake ni kwamba moto ulikuwa haujazimika miaka mingi baada ya ubongo kumaliza sehemu kubwa ya ukuaji wake.

Lakini je, huo ni moto, au ni moshi wa kitu kingine? Mwaka 2011 watafiti walilinganisha utendaji wa jeni katika ubongo wa watu 19 wenye usonji na 17 wasio nao. Walikuta makundi mawili ya jeni yaliyobadilika: jeni za sinapsi zilikuwa zimefifia, jeni za kinga na maikroglia zilikuwa zimepanda. Kundi la kwanza lilibeba tofauti za kurithi zinazohusishwa na usonji. Kundi la pili halikuzibeba. Kwa hiyo inaelekea kwamba, kwa wengi, mchochota huja nyuma ya tatizo au hutokana na mazingira, wala si mzizi wa kurithi. Utafiti wa watoto zaidi ya milioni 2 kutoka nchi tano, uliochapishwa 2019, ulikadiria kuwa takribani asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na urithi. Anayesema usonji ni ugonjwa wa mchochota, basi, anasema zaidi ya anayoyajua.

Hesabu za Skandinavia

Nchi zenye daftari la kila mzaliwa zilijaribu kuyapima ya panya kwa binadamu. Denmark, kwa watoto waliozaliwa kati ya 1980 na 2005, ilikuta kwamba maambukizi ya mama kwa ujumla hayakuhusiana na usonji, ila mama aliyelazwa hospitali kwa maambukizi ya virusi katika miezi mitatu ya kwanza alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kumzaa mtoto mwenye usonji. Mafua ya kawaida hayamo.

Kisha Sweden ikatia maji katika mvinyo huo. Utafiti wa watoto karibu 550,000, uliochapishwa 2022, ulikuta uhusiano kati ya maambukizi mazito ya mama mjamzito na usonji. Lakini ulipotazama mama waliougua mwaka mmoja kabla ya kushika mimba, uhusiano ukawa uleule. Na walipolinganishwa ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mama aliugua akiwa na mimba yake na mwingine ambaye hakuugua, tofauti ilitoweka. Huenda basi familia zenyewe zina kitu, cha jeni au cha maisha, kinachoelekeza kwenye maambukizi na kwenye usonji pia. Utafiti huu haufuti rubela. Unafuta haraka ya kumlaumu kila mjamzito aliyewahi kupata homa.

Tumbo nalo limepitia njia hiyohiyo. Watoto wengi wenye usonji hupata kufunga choo au kuharisha, na ilidhaniwa kwamba bakteria wao wa utumbo ndio wanaochochea ubongo. Uchunguzi wa Australia wa 2021 uligeuza mshale: watoto hawa huchagua sana chakula, hula aina chache, na uchache huo ndio unaopunguza aina za bakteria.

Malaria iliyopanda kichwani

Kwa Afrika Mashariki, swali lina sura nyingine. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya kitafiti vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi umri wa miezi 22, 35 na 42. Wakapatwa na malaria kali yenye homa ndefu na degedege, mmoja akapoteza fahamu kwa muda mrefu, na walipopona usonji ukaonekana. Wengine wanne nao walianza karibu na wakati wa maambukizi, ila haikuwezekana kuondoa shaka kwamba dalili zilikuwapo kabla.

Njia ya kibaiolojia ipo. Seli nyekundu zenye vimelea hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo, na mwili hujibu kwa sitokini nyingi. Huko Kampala, mtoto mmoja katika kila wanne waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa kufikiri miaka miwili baadaye. Hata hivyo watoto watatu ni watatu tu, na usonji upo kwa wingi huohuo katika nchi zisizojua mbu wa malaria. Ila mzazi anayesema "mwanangu alikuwa mzima, malaria ikampanda kichwani, akaamka mwingine" anastahili kusikilizwa hadi mwisho. Na mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali kwanza. Mambo mengine yatasubiri.

Homa inayofungua mlango

Lipo jambo linalowashangaza hata wanaoifahamu fani hii. Wazazi wengi wamekuwa wakisimulia kwamba mtoto akishikwa na homa, usonji hulegea: humtazama mtu machoni, huzungumza zaidi, hutulia. Mwaka 2007 watafiti waliwafuatilia watoto 30 na kukuta wengi wao wakibadilika hivyo wakati wa homa, kisha kurudi walivyokuwa. Mwaka 2020 Choi na Huh waliona mfano wake kwa panya: interlukini-17a, ileile iliyoharibu ubongo wa kijusi, ilituliza seli za neva za panya mkubwa na kumrudisha kwa wenzake. Kemikali moja, nyakati mbili, kazi mbili zinazopingana. Wazo la kwamba mchochota ni adui wa kuzimwa tu halitoshi hapa.

Tiba na biashara yake

Pardo mwenyewe, aliyeona maikroglia zikiwaka, alijaribu kuzizima. Aliwapa watoto 11 minosaiklini, antibayotiki inayotuliza maikroglia, kwa miezi sita. Matokeo yalitoka 2013: hapakuwa na nafuu ya maana. Dawa zilizoidhinishwa Marekani kwa watoto wenye usonji, risperidoni (2006) na aripiprazoli (2009), hutuliza hasira na fujo. Hazigusi mchochota, wala haziuondoi usonji.

Pengo hilo limejaa wachuuzi. Wapo wanaouza dioksidi ya klorini, kemikali ya kupaushia nguo na karatasi, kuwa "husafisha" mwili wa mtoto. Hiyo ni sumu. Mkosi mkubwa zaidi ulitoka kwa daktari: mwaka 1998 Andrew Wakefield alidai, kwa watoto 12, kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta mchochota wa utumbo na usonji. Jarida la The Lancet liliifuta makala hiyo 2010, naye akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Denmark ilihesabu watoto 657,461 na mwaka 2019 ikatangaza kwamba waliochanjwa hawana usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Chanjo aliyoishtaki ndiyo inayozuia rubela, sababu ya usonji iliyojulikana tangu siku za Stella Chess. Tanzania iliianza chanjo ya surua na rubela 2014, Kenya 2016. Hutolewa kliniki mtoto akitimiza miezi 9, na tena akitimiza miezi 18.