Kutoka Fuwele za Dhahabu hadi Nitinol: Historia ya Dhana ya Kumbukumbu ya Umbo katika Aloi, 1932–1971

Katika maandishi mengi kuhusu aloi zenye kumbukumbu ya umbo, historia huanzia kwenye kikao cha wakuu wa maabara ya silaha ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, White Oak, Maryland, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Raymond Wiley, aliyemwakilisha William Buehler, alipitisha mezani utepe wa aloi ya nikeli na titani uliokunjwa mikunjo kama akodiani, ili wajumbe waukunje na kuukunjua na kujionea kwamba haukatiki upesi. David Muzzey, mmoja wa wakurugenzi, akausogezea kiberiti chake cha kuwashia kiko. Utepe ukanyooka. Kisa hiki kinavutia, na hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa kimezoeleka kuchukuliwa kama tarehe ya ugunduzi. Makala hii inadai kwamba moto ule haukugundua tabia hiyo. Uliidhihirisha katika aloi ambayo mhandisi angeweza kuitumia, ilhali sehemu kubwa ya maelezo yake ilikwisha kuandikwa.

Mwaka 1932, Arne Ölander wa Sweden, aliyekuwa akichunguza aloi za dhahabu na kadimi kwa mbinu za kikemia-umeme, aliripoti kwamba aloi hizo zilipokunjwa zilirudi kama mpira. Mwaka 1938 Greninger na Mooradian walionyesha kwamba katika aloi ya shaba na zinki, awamu iitwayo martensiti hutokea inapopozwa na hutoweka inapopashwa joto. Umuhimu wa matokeo haya huonekana tu tukikumbuka martensiti ilimaanisha nini wakati huo. Jina lenyewe, la kumuenzi Mjerumani Adolf Martens, lilitokana na chuma cha pua kilichozamishwa majini kikiwa chekundu kwa moto, jambo ambalo kila mhunzi analijua kwa matokeo yake: ugumu usiorudi nyuma. Kurdjumov na Khandros, katika Umoja wa Kisovieti, walipoeleza mwaka 1949 martensiti inayokua na kusinyaa kwa kufuata halijoto, walivunja mazoea hayo ya kifikra. Chang na Read wakafuatia mwaka 1951, wakiichunguza dhahabu-kadimi kwa undani. Kwa maoni yangu, mwaka 1949 unastahili nafasi kubwa zaidi kuliko unayopewa.

Kinachotokea ndani ya metali ni hiki. Katika halijoto ya juu, atomi za nikeli na titani hujipanga katika fuwele za mchemraba, awamu iitwayo austeniti. Aloi ikipoa, safu za atomi huteleza kidogo kwa pamoja na kuwa martensiti, yenye fuwele zilizoinama. Hakuna atomi inayohama mbali. Kila moja hubaki na majirani wake. Kwa kuwa fuwele zinaweza kuinama pande mbalimbali, hujipanga katika jozi za pacha zinazofidiana, hivyo umbo la nje halibadiliki. Mtu akiikunja, pacha walioelekea upande wa nguvu hukua na wengine humezwa. Ikipashwa joto, fuwele zote hurudi kwenye mchemraba uleule, na umbo hurudi nazo, mradi mkunjo haukuzidi takriban asilimia 8. Neno “kumbukumbu” kwa hiyo linapotosha kidogo: metali haikumbuki kilichopotea, bali mpangilio wa ujirani haukupotea kamwe.

Buehler mwenyewe alifika hapo kwa kutumia sikio. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akitafuta metali ya kutengenezea ncha ya kombora. Alipoangusha sakafuni vipande vya aloi hiyo, kilichopoa kilitoa mlio mzito uliokufa, na kilichokuwa bado na joto kililia kama kengele. Akakipoza cha pili kwa maji, nacho kikanyamaza. Leo tunajua sababu: mipaka ya pacha ndani ya martensiti husogea na kumeza mtetemo. Frederick Wang, mtaalamu wa fuwele aliyejiunga na maabara mwaka 1962, ndiye aliyechunguza mabadiliko hayo kwa kiwango cha atomi.

Matumizi yalifuata. Kampuni ya Raychem ilitengeneza viungo vya mabomba ya haidroli ya ndege ya kivita F-14: kiungo kilitanuliwa katika baridi ya naitrojeni ya kimiminika, kikavishwa bombani, na kilipopata joto la kawaida kikabana. Mwaka 1971 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa aliandika kuhusu waya wa Nitinol wa kunyooshea meno. Waya wa kwanza kuuzwa kwa kazi hiyo, hata hivyo, ulikuwa umevutwa ukiwa baridi kiasi kwamba hakuna kumbukumbu ya umbo iliyotumika mdomoni. Madaktari waliupendea ulaini na uwezo wake wa kuvutika.