Tabo

Katika gereji za Kerege na Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, fundi hasemi “turbo”. Husema tabo: “Tabo imekufa, ndiyo maana gari halivuti.” Yuko sahihi. Kiswahili kiliidondosha r katika shati na nesi, na hapa kimefanya vilevile. Neno hili lisichanganywe na taabu, lililotoka Kiarabu.

Asili ya tabo ni Kilatini, turbo, kitu kinachozunguka kwa kasi, ikiwemo pia wanayochezea watoto. Jina limekaa mahali pake: moshi wa injini huzungusha feni, na feni ya pili kwenye mhimili huohuo hushindilia hewa ndani ya silinda, dizeli ikaungua kwa nguvu zaidi. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliliwekea wazo hilo hataza mwaka 1905, akalipigania miaka 20 hadi lilipofaulu mwaka 1925. Leo malori yanayotoka Bagamoyo kwenda Msata yanategemea kazi yake.

Waandishi wenzangu, tuandike tabo, kama mafundi wanavyotamka.