Dark Vador alikuwa baba tangu lini?



Kuna ubishi moja wenye hauishe kila mara watu wenye walisoma wanakaa pamoja jioni. Katika filme za Star Wars, zile shiye tulijua kwanza kwa Kifaransa kama La Guerre des étoiles, je, Dark Vador alikuwa baba ya Luke tangu mwanzo, ao hilo lilibuniwa katikati ya njia? Wengi wanajibu mbio mbio: tangu mwanzo, George Lucas mwenyewe alisema. Miye ninasema hapana, na nitaonyesha juu ya nini. Haiko tu juu ya kupenda filme. Mwenye kufanya jambo anapoeleza hivi, na karatasi za wakati ule zinaeleza vile, unaamini nani? Sisi wa agronomia walituzoeza kuchimba shimo mbele ya kusema neno juu ya udongo. Basi tuchimbe.

Kwa wenye hawajaona: filme ya kwanza ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1977. Luke ni kijana yatima, anakomalia kwa baba yake mdogo kwenye sayari ya jangwa, na kazi ya ule mzee ni kuvuna maji ndani ya hewa kwa mashini. (Ni ukulima huo, musicheke. Mtu wa kwanza mwenye alinifanya nifikiri juu ya maji ya kilimo hakukuwa profesa, alikuwa ule mzee Owen.) Kisha mzee mwengine, Obi-Wan, anamwambia Luke kwamba baba yake alikuwa askari mzuri wa Jedi, na kwamba aliuawa na mwanafunzi mwenye aligeuka msaliti, jina lake Vador. Basi hesabu ni nyepesi: Luke njo akteri, Vador ni shefu bandi, na shefu bandi alimwua baba ya akteri. Filme ngapi za karate tulionaka za namna hiyo? Tena ule mwaka 1977 Vador hakuwa hata mkubwa wa mabandi. Kuko mtu mwengine, Tarkin, mwenye anamwamuru na anatii. Ni Tarkin njo alitoa amri ya kulipua sayari nzima, Alderaan, na watu wake wote. Vador alikuwa amesimama pale pembeni.

Filme ya pili ilianza kuonyeshwa tarehe 21 Mei 1980. Karibu na mwisho, Vador anamkata Luke mkono, anamsukuma mpaka kwenye ncha ya shimo bila mwisho, halafu anamwambia: siye niliua baba yako, baba yako ni miye. Luke anakataa kwa kilio, anajiachilia, anaanguka. Nyuma ya dakika chache filme inaisha. Hakuna mtu mwenye anakuja kusema ni kweli ao ni uongo. Na filme ya tatu ingetoka tu tarehe 25 Mei 1983.

Miaka tatu, wandugu. Leo tunakasirika tukingoja epizodi wiki moja.

Kule Marekani ile miaka tatu ilijaa ubishi. Watu waliandikiana barua, walituma maoni kwa Starlog, gazeti la New York lenye lilizaliwa 1976 kwa ajili ya mambo kama hayo, walichapa vijigazeti vyao wenyewe na kuviuza mikutanoni. Na mufikirie walibishana na nini mkononi: kumbukumbu tu. Ile filme ya pili haikutoka kwa kaseti mbele ya 1984. Ukitaka kuhakikisha neno moja, unarudi sinema, unalipa tena.

Kambi ya kwanza ilisema: anadanganya. Na sababu zao zilikuwa nzito kuliko vile tunakumbuka. Vador ni adui, na wakati anasema lile neno anatafuta kitu: anataka Luke ajiunge naye ili wamwangushe yule Kaisari wao mzee. Mtu mwenye anakutafuta hivyo atakupatia kila uongo wenye unaweza kukuvunja. Upande mwengine kuko Obi-Wan, mwenye alikufa ili Luke aponyoke, na Obi-Wan alisema wazi kwamba baba aliuawa. Unaacha ushuhuda wa mwalimu wako, unachukua wa mwenye amekukata mkono? Kwenye tribinali gani?

Kambi ya pili ilishika vitu vidogo vidogo. Nyuma ya kuanguka, Luke analia juu ya Obi-Wan, kwa nini hakumwambia. Tena wakati Vador anamwita kwa mawazo, Luke anajibu kwa neno moja tu, baba. Kijana mwenyewe ameamini! Waliongeza pia sentensi moja ya filme ya kwanza, pale mezani, mke wa Owen akisema Luke amefanana sana na baba yake, na Owen anajibu kwamba hilo njo linamuogopesha. Juu ya nini aogope, kama baba alikuwa mtu mzuri?

Ile sentensi ya Owen ingali inatolewa mpaka leo kama ushahidi mkubwa wa kwamba mpango ulikuwako tangu 1977. Lakini isome bila kujua mwisho. Mlezi amefiwa na ndugu kwenye vita, na sasa anaona kijana ana moto ule ule wa kutaka kwenda vitani. Anaogopa atakufa sawa vile baba yake. Inatosha kabisa. Ni shiye njo tunairudilia na kuipatia maana ya pili, juu tunajua chenye kilikuja nyuma.

Jambo lenye linanifurahisha zaidi ni kwamba hata wenye walifanya filme walikuwa ndani ya ule ubishi. David Prowse, ule Mwingereza mrefu mwenye alivaa nguo nyeusi, siku ya kupiga picha walimpatia maneno mengine ya kusema: kwamba ni Obi-Wan njo alimwua baba ya Luke. Mark Hamill, mwenye alicheza Luke, aliambiwa ukweli muda mfupi tu mbele ya kuanza, ili uso wake ujue chenye masikio yake hayasikie. Maneno ya kweli yalitiwa baadaye na James Earl Jones, mwenye sauti, kwenye chumba cha kurekodi. Na Jones mwenyewe alielezaka kwamba wakati alisoma ile sentensi, wazo lake la kwanza lilikuwa: huyu anadanganya. Sauti yenyewe ya Vador ilikuwa kambi ya kwanza!

Filme ya tatu ilikata kesi. Luke anarudi kwa mwalimu wake Yoda, mwenye anakaribia kufa, na Yoda anakubali kwamba ni kweli. Lucas alieleza kwamba wataalamu wa akili za watoto walimwambia watoto wadogo watashikilia kwamba Vador alidanganya mpaka mtu mwenye wanamwamini awaambie tofauti. Basi Yoda alipewa ile kazi. Kisha mzimu wa Obi-Wan unatokea na kujitetea: kwamba Vador alipogeuka mbaya, mtu mzuri mwenye alikuwa ndani yake alikufa, kwa hiyo hakusema uongo, inategemea umesimama wapi ukiangalia. Miye ile jibu haijanishibisha hata siku moja. Ni jibu ya avoka. Watu wa kambi ya kwanza waliambiwa kwamba walikosea, wakati kosa lao lilikuwa kumsadiki mzee mwenye filme nzima iliwaomba wamsadiki.

Sasa tushuke kwenye karatasi.

Senario ya zamani kabisa yenye inajulikana ni ya Mei 1974. Darth Vader iko ndani, lakini ni jenerali tu, mtu wa kawaida, bila maski, bila pumzi ile ya mashini. Si baba ya mtu. Na kwenye senario ile ile kuko baba mwengine, Kane Starkiller, mwenye nusu ya mwili wake ni mashini, na huyo ni mtu mzuri. Ona vizuri: baba iko, mwili wa mashini iko, jina la Vader iko, lakini kila kimoja kimepandwa kwenye mstari wake. Wenye wanasema kila kitu kilikuwako tangu mwanzo hawadanganye kabisa, mbegu zilikuwako. Shamba lenyewe halikuwako.

Karatasi ya pili njo inamaliza kesi kwangu. Kwa filme ya 1980, Lucas alimpatia kazi ya kuandika senario mama moja mwenye uzoefu, Leigh Brackett, mwenye alikuwa ameandika riwaya za anga na filme za zamani za Hollywood. Alitoa andiko lake Februari 1978, na Machi 1978 akafa kwa kansa. Katika andiko lile, Luke anakutana na mzimu wa baba yake, mzee Skywalker, amesimama pembeni ya walimu wengine, mtu tofauti kabisa na Vader. Sasa munieleze: kama Lucas alijua tangu 1977 kwamba Vader ni baba, namna gani mtu mwenye alimchagua mwenyewe, mwenye alikaa naye kupanga hadithi, ataandika baba akitembea upande wake na Vader upande wake? Wengine wanasema alimficha siri. Unaficha mwandishi wako siri ya kitu chenye unamlipa aandike?

Brackett alipokufa, Lucas alichukua kalamu mwenyewe. Katika andiko lake la Aprili 1978, kwa mara ya kwanza, Vader anamwambia Luke lile neno. Miezi miwili kati ya karatasi moja na nyingine. Pale njo Vader alizaa.

Nabaki na jambo la jina, juu najua mtu atalileta. Kwa Kiholanzi, na kwa Kiflama cha Ubelgiji, neno vader maana yake ni baba, na mwaka 2005 Lucas alisema kwamba jina lilitoka hapo, baba wa giza. Wazee wetu wenye walisomeshwa na mapadri Waflama wangecheka wakisikia, kama Kifaransa hakingelificha ule mlango kwa kuandika Vador. Lakini jina liliandikwa 1974, wakati mwenye jina hakuwa na mtoto. Mtu anaweza kuita shamba lake Bananeraie, nyuma ya miaka ine akapanda migomba, halafu akakuambia: unaona, nilijua. Kwa hiyo kambi ya kwanza, wale wa «anadanganya», walisoma vizuri. Filme ya 1977 yenye walikuwa nayo ilitengenezwa na mtu mwenye kwake pia baba alikuwa amekufa.

Na ile badiliko ya Aprili 1978 ililetea hadithi deni. Shefu bandi wa kawaida unamwua tu mwishoni, watu wanapiga makofi, wanaenda kulala. Shefu bandi mwenye ni baba, unamfanya nini? Filme ya 1983 ilijibu: anamtupa Kaisari ndani ya shimo ili kumwokoa mwana, mwana anamvua maski, anakufa akipendwa, na usiku anatokea kama mzimu pamoja na Yoda na Obi-Wan, wote wanatabasamu. Hapa njo tulibishanaka sana kwenye home ya wanafunzi, mpaka mmoja wetu, mwenye alitoka kijiji chenye kilichomwa, aliuliza kwa sauti ya pole kama watu wa Alderaan nao walialikwa kwenye ile sikukuu. Hakuna mwenye alicheka. Miye ninaona Luke alikuwa na haki ya kusamehe baba yake juu ya mkono wake mwenyewe. Juu ya Alderaan hakukuwa na haki, na filme haikumwuliza Leia, mwenye sayari ile ilikuwa yake na mwenye alilazimishwa kuangalia ikilipuka. Tena filme za 1999, 2002 na 2005 ziliongeza mzigo: tulionyeshwa Vador huyo huyo akiingia na upanga kwenye chumba cha watoto wa Jedi.

Mwaka 2004, filme zile za zamani zilipotoka kwa DVD, ule mzimu wa mwisho uligeuzwa. Kwanza ilikuwa Sebastian Shaw, mzee mwenye alicheza uso wa Vador bila maski 1983. Walimtoa, wakaweka Hayden Christensen, kijana wa filme mpya, mwenye 1983 alikuwa mtoto mdogo wa miaka miwili. Mtoto wa leo akiangalia ataona kijana amesimama pale, atasema ilikuwa hivyo siku zote. Lakini ukipata kaseti ya mbele ya 2004, hata ile yenye rangi imekufa na sauti inakwama, peleka mpaka mwisho: mzee Shaw angali pale, na mvi zake.