Kutoka Utingo hadi Fundi: Mafunzo ya Ufundi wa Magari Katika Miaka Mia Moja

Sura zilizotangulia zimeeleza habari za wachungaji, wainjilisti na walimu waliolijenga Kanisa katika mitelemko ya Kilimanjaro. Sura hii inahusu kundi ambalo ni nadra kutajwa katika vitabu vya jubilei, nalo ni mafundi wa magari, na hasa njia walizopitia hadi wakawa mafundi. Historia yao inatuachia swali la kuingia nalo katika karne ya pili: je, kijana anayejifunza kazi ya mikono tunamhesabu kuwa mwanafunzi kweli?

Katika nchi yetu ya Kilimanjaro, gari na kahawa vilikwenda pamoja. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini gunia la kahawa lilipaswa kwanza kuteremshwa kutoka mlimani. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikakifuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kadiri mavuno yalivyoongezeka ndivyo malori yalivyohitajika. Lori lilihitaji dereva, na dereva alihitaji utingo. Utingo alipakia mizigo, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu kwenye mlima, alibadilisha tairi, na lori lilipoharibika njiani alishika taa huku mkubwa wake akifungua injini. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya ufundi wa magari.

Shule hiyo ilihamia baadaye katika gereji, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zile ziitwazo gereji bubu, chini ya mti, bila kibao wala uzio. Mafunzo yalikuwa na ngazi zake ingawa hazikuandikwa popote. Kijana alianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kuzijua spana kwa namba zake. Kisha aliachiwa kubadili oili na plagi, baadaye kurekebisha platini na kabureta, na mwisho kabisa kufumua injini na kuirudisha. Mwalimu hakueleza mengi. Mwanafunzi alitazama kwa macho na kusikiliza mlio. Mafunzo hayo yalitoa mafundi hodari sana. Hata hivyo yalikuwa na ubaya wake: mkataba haukuwapo, posho ilitegemea huruma ya mkubwa, na hakuna aliyejua siku ya kuhitimu.

Njia ya pili ilikuwa ya darasani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na shule za ufundi huko Ifunda na hapa Moshi. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1974 iliweka utaratibu wa taifa wa mafunzo ya ufundi stadi, na fundi akaweza kupimwa kwa majaribio ya ufundi, kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo hayo.

Kila njia ilishika nusu ya elimu. Chukua mfano wa breki, jambo ambalo kwetu wakazi wa mlimani ni la uhai na kifo. Mwanafunzi wa gereji alijua kwa mikono yake namna ya kutoa hewa katika mabomba ya breki: mwenzake akanyage pedeli, yeye afungue nati, aifunge, na kurudia. Mwanafunzi wa darasani alijua sababu: mafuta ya breki hayashindiliki, bali hewa hushindilika, kwa hiyo pedeli huzama bila gurudumu kushikwa. Aliyejua la kwanza tu aliweza kuacha mafuta yaliyonyonya unyevu, yakachemka kwenye mteremko mrefu. Aliyejua la pili tu aliweza kufaulu mtihani bila kuthubutu kugusa gari.

Tangu magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya 1990, pengo hilo limekuwa kubwa zaidi. Kabureta na platini vimepisha injini zinazoongozwa na kompyuta, na sikio peke yake halitoshi tena. Fundi hana budi kusoma.

Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alishauri kwamba wavulana wakae shuleni saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki wajifunze kazi nyumbani. Kwake vitu hivyo viwili havikupingana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, nacho kinaeleza kuwa Bezaleli hakupewa ustadi tu, bali pia moyo wa kuwafundisha wengine. Leo wazo hilo lipo katika uanagenzi pacha unaoendeshwa na VETA, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na karakana, na katika urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza gerejini hupimwa na kupewa cheti.

Kwa muda mrefu mzazi ambaye mtoto wake hakuchaguliwa kwenda sekondari alimpeleka gereji kana kwamba anampeleka uhamishoni. Huo ni urithi ambao hatuna sababu ya kuubeba zaidi. Wazee wa Usharika wanaweza kushuhudia makubaliano ya maandishi kati ya fundi na kijana, yenye muda maalumu na posho inayojulikana. Mafundi walio washarika wanaweza kusaidiwa kupata cheti cha ujuzi walio nao tayari. Na kijana aliyepokea Kipaimara kisha akashika spana aombewe kanisani sawasawa na yule aendaye chuo kikuu, kwa maana wote wawili wanakwenda shule.