Dawa Inayosakwa Bado

Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari kijana Sigmund Freud alichapisha makala ya kuisifu kokeini, akidai kwamba inaweza kumtoa mtu katika uraibu wa mofini. Rafiki yake Ernst von Fleischl-Marxow, mwanasayansi aliyetumia mofini kutuliza maumivu ya kidole gumba kilichokatwa, aliijaribu tiba hiyo. Mofini haikumwachia, na kokeini nayo ikamteka. Alifariki mwaka 1891 akiwa na miaka 45.

Basi kokeini iliwahi kutolewa kama tiba ya uraibu. Dawa ya kuutibu uraibu wake yenyewe haijapatikana hadi leo.

Walionaswa na heroini wamepata ahueni zamani. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu kwa methadoni jijini New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2011 huduma hiyo ikafika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Aliyekuwa akiamka na arosto ya kukosa heroini sasa hunywa kipimo chake cha siku na kwenda kazini. Methadoni hukalia vipokezi vilevile vinavyokaliwa na heroini. Kokeini hufanya kazi kwa njia nyingine: huziba mlango ambao seli za ubongo hutumia kuirudisha ndani dopamini, kemikali ya raha. Kwa walionaswa na kokeini, dawa za sonona, ikiwemo desipramini, zilileta matumaini miaka ya 1980, kisha majaribio mengi yakawavunja watu moyo.

Watafiti wakageukia damu. Chanjo iliyojaribiwa Marekani ilikusudiwa kuinasa kokeini kabla haijafika ubongoni, lakini matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba asilimia 38 tu ya waliochanjwa walipata kingamwili za kutosha.

Ugunduzi wa kusisimua zaidi ulitoka udongoni. Kwenye udongo wa mizizi ya mkoka, mmea unaotoa kokeini, huishi bakteria anayekula kokeini, na kimeng'enya chake huivunja kwa kasi ya ajabu. Tatizo ni kwamba katika joto la mwili hudhoofika ndani ya dakika chache. Wanasayansi walikirekebisha kikadumu kwa saa kadhaa. Watu waliokijaribu walipungukiwa kokeini katika damu ndani ya dakika 2. Hata hivyo, bado hakijaidhinishwa.

Kwa hiyo aliyezidisha kokeini, ambaye kimeng'enya hicho kingemfaa, bado hupozwa mwili, hupewa oksijeni na dawa za kumtuliza. Kwa uraibu wenyewe, kinachosaidia zaidi ni ushauri nasaha pamoja na zawadi kwa kila kipimo cha mkojo kisicho na kokeini. Wenye ndugu aliyenaswa wasisubiri kidonge. Wampeleke kliniki sasa.